Kilo Nane za Bwana Yangu

Mimi nina mdomo. Nasema mapema ili mtu asije akashangaa mbele. Mama yangu alikuwa nao, akaniachia, na kama ningezaliwa bila mdomo huu labda bwana yangu asingeanguka kati ya magunia ya unga mbele za watu. Siku hizi nikisikia wanawake vijana wakiulizana dawa ya kukonda kwa juma mbili, majani haya, vidonge vile, damu inanichemka. Nimeona mtu akikonda kwa mbio, na namjua aliyemkimbiza.

Tulikaa Kapata, katika nyumba ya kampuni, miaka ile nchi ilipokuwa inaitwa Zaïre na wanaume wamevua tai wakavaa abacost, lile koti la kizalendo lisilo na tai. Bwana yangu alikuwa dereva wa lori la mgodi, lile kubwa ambalo gurudumu lake moja linampita mtu kwa urefu. Kazi yake ilikuwa kupandisha mawe ya shaba kutoka chini ya shimo. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kwa kazi hizo hizo, nami nilikulia katika nyumba kama hizo, kwa hiyo sheria yake niliinyonya pamoja na maziwa: nyumba si yako, nyumba ni ya kazi. Kazi ikiisha unafunga vyombo, na jirani anachungulia dirishani kuona unaondoka na nini.

Mwezi wa nane mwaka ule, wakati wa uchunguzi wa wafanyakazi, daktari alimfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia tension, presha ya damu, akapima mara tatu. Tension ilikuwa juu. Akampandisha kwenye mizani, ikasema kilo mia na nane. Akamwambia wazi kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kuzimia kwenye usukani, na barabara ya shimo haina huruma. Alimpa miezi mitatu. Ashuke mpaka mia, tension nayo ishuke, la sivyo anatolewa kwenye mashini, yaani lori lake. Akampa na karatasi ya mashauri: bukari, ule ugali wetu, nusu ya ile ya zamani, mboga nyingi, mafuta kidogo, chumvi kidogo zaidi, pombe aache, atembee kwa miguu kila siku, na kilo zishuke polepole, nusu kilo au zaidi kidogo kwa juma, si kwa mbio.

Nayaandika haya hapa ili uyajue. Mimi wakati ule sikuambiwa hata neno moja. Bwana yangu alikunja ile karatasi akaificha chini ya kiti cha lori lake. Huko kwetu mtu wa tension alikuwa anahesabiwa nusu maiti, watu walianza kumsalimia kwa sauti ya kilio, na wenye kutaka mashini yake walianza kuulizia. Halafu aliujua mdomo wangu. Kwa hilo simlaumu.

Basi mimi niliona nini? Niliona mwanaume wangu akiacha nusu ya bukari kwenye sahani.

Asiye mtu wa kwetu atasema, si alishiba? Hapana. Mwanamke wa Kapata alipima ndoa yake kwa sahani inayorudi jikoni. Unapika bukari, unaikusanya vizuri iwe kama kichuguu, unalainisha juu kwa mwiko uliolowana maji, unamtengea pamoja na sombe, mboga ya majani ya mihogo, na sahani ikirudi tupu wewe ni mke. Siku ya kwanza niliiangalia ile nusu nikaosha sahani. Siku ya tatu nikauliza kama chumvi imekosekana. Akasema hapana, ameshiba, aksanti. Ile aksanti ndiyo iliyonichoma, kwa sababu hakuwa mtu wa aksanti.

Jirani yangu wa ukuta mmoja, mama mwenye umri kunishinda, mke wa fundi wa mitambo, ndiye niliyemweleza. Alikuwa anachambua majani ya mihogo mapajani, hakuinua hata macho.

“Mama,” akasema, “mwanaume mwenye hamalizi bukari ya ku nyumba, alisha kulaka fasi ingine.”

Deuxième bureau, ofisi ya pili. Ndivyo tulivyomwita mwanamke wa nje, kama vile bwana ana ofisi mbili na mshahara mmoja. Kuanzia dakika ile kila kitu nilikiona. Basi la kampuni lilirudisha wenzake saa kumi, yeye alifika karibu saa kumi na mbili, kwa miguu, shati limelowana jasho, na kabla ya kunisalimia vizuri alikwenda kuoga. Chai alianza kunywa bila sukari. Mkanda aliutoboa tundu jipya. Nikajisemea, mwanaume anayejipunguza tumbo anajipunguzia nani? Wivu ulinikaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Nilikuwa na watoto sita, na mimi mwenyewe nilikuwa mnene, tena mnene wa kusifiwa. Akina mama waliniita mama wa kampuni, maana yake anayekula vizuri. Hata kwenye kupima watoto pale foyer, kituo cha masista cha akina mama, wangu wote walikuwa wanaongoza kwa kilo, na sista alinipa sabuni mbele ya wenzangu nipigiwe makofi. Mizani kwangu ilikuwa kitu cha sifa tu.

Sikumuuliza. Angekana, na mimi ningepiga kelele, na cité yote, mtaa mzima wa kampuni, ingejua. Niliamua kupigana na yule mwanamke mahali ninapomshinda, jikoni. Atampikia nini ambacho mimi sijui? Sombe nikaijaza mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese, mpaka ikawa inang'aa, nikaongeza karanga za kutwanga. Makayabo, yule samaki wa chumvi ambaye watu wote wanamlowesha usiku kucha ili chumvi itoke, mimi nilimlowesha kidogo tu, kwa sababu bwana yangu alimpenda akiwa mkali. Asubuhi nilikaanga mikate. Nikakaa mbele yake, mikono mapajani, nikamtazama mpaka amalize. Akiacha, nilianza kulia, na machozi yangu hayakuwa ya uongo.

Naye akala. Maskini, akala. Alikula kwa sababu hakutaka kuniambia, kisha akatafuta njia ya kukitoa alichokula. Kuna chumvi nyeupe ya kuharisha iliyouzwa sokoni katika vipakiti, alikunywa ile mara mbili kwa juma. Chakula cha mchana kazini akakiacha kabisa. Na ndani ya salopette yake, ile ovaroli ya kazi, alivaa koti la mvua la plastiki, mwezi wa kumi, wakati joto la kwetu linapasua midomo na mvua bado haijafika, akaendesha lori siku nzima akijipika mwenyewe. Mimi namjaza chumvi na mafuta jioni, yeye anajikausha mchana. Tulikuwa tunavutana kamba, na kamba ilikuwa moyo wake.

Haya yote nilikuwa siyajui. Nilichojua ni kwamba macho yake yameingia ndani, mikono inamtetemeka akishika kikombe, na kila Jumamosi, ile tunayoiita siku ya posho, tukimaliza salongo, kazi ya lazima ya mtaa, ya kufagia mitaro, anaelekea sokoni peke yake. Nikasema leo ni leo. Nilichukua mwiko wa bukari, ule mkubwa wa sufuria ya wageni, nikaufunga ndani ya kitenge ubavuni, nikamfuata kwa mbali. Mwiko ule ulikuwa wa kichwa cha mtu, siogopi kusema. Nilikuwa nimekwisha kuchagua na upande.

Aliingia katika duka la mfanyabiashara mmoja wa unga, Mwislamu wa upande wa Maniema, mtu mpole ambaye sote tulinunua unga kwake kila posho ya kampuni ilipochelewa. Nikasema ahaa, kumbe ni binti wa huyu, au mdogo wake. Nilipita kati ya magunia mpaka chumba cha nyuma. Hapakuwa na mwanamke. Bwana yangu alikuwa amesimama juu ya mizani ya magunia, bila viatu, vifungo vya shati wazi, koti la mvua likionekana ndani, na mfanyabiashara ameinama anasogeza jiwe la mizani taratibu. Sikuelewa ninachokiona. Nilibaki na mkono ndani ya kitenge.

Mfanyabiashara akasema, “Mia kamili.” Na bwana yangu akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu kuzaliwa kwa mtoto wetu wa kwanza. Akageuka kushuka, akaniona, akafungua mdomo aseme, magoti yakakunjana, akaanguka ubavu juu ya gunia kisha chini kwenye saruji.

Nilipiga magoti. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, ulimi mweupe. Nilimwita, hakuitika. Nikamgeukia yule mfanyabiashara nikamuuliza kwa ukali mwanamke yuko wapi, amempa sumu gani. Ndiyo, hata wakati ule nilimuuliza mwanamke.

“Mama,” akasema, “hapa hakuna mwanamuke. Bwana yako anakuyaka kupima kilo. Docteur alimuambia asiposhuka batamutoa ku machine.”

Mwiko ulidondoka. Sikuuokota.

Tulimpeleka dispensaire, zahanati ya kampuni, kwa kigari cha yule mfanyabiashara cha kubebea unga. Muganga wa zamu, mama wa makamo asiye na mchezo, alimtundikia maji, akanikaripia mimi kwanza na kumkaripia yeye alipozinduka. Alivuta koti lile la plastiki, akapekua mifuko, akatoa vipakiti vya chumvi ya kuharisha, akavipanga mezani. Kesho yake alimpima tena kwenye mizani ya dispensaire. Mia na tatu. Bwana yangu akadhani mizani ni mbovu. Muganga akamwambia kilo tatu zile zilikuwa maji tu, na kwamba mwili ukinyang'anywa maji na chakula kwa nguvu unakula nyama yake wenyewe, moyo unapoteza mwendo, na siku unapoacha kujitesa kilo zinarudi na wenzao. Akataka kujua nani anapika. Nikasema mimi. Anapika nini? Nikataja. Nilivyokuwa nikitaja, sauti yangu ilikuwa inapungua. Sombe ya mafuta. Makayabo. Mikate ya asubuhi. Muganga alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa tension ile, makayabo peke yake ingetosha kumuua.

Nyumbani tuligombana siku mbili. Nilimwambia kuficha ugonjwa kwa mke ni uongo kuliko uongo wa mwanamke wa nje. Akaniambia mke anayebeba mwiko sokoni asishangae akifichwa mambo. Wote tulikuwa na haki, na haki haikusaidia kitu. Zilibaki juma tatu, na kilo tatu.

Tulianza upya, sawasawa na karatasi ile, ambayo sasa ilitoka chini ya kiti cha lori ikiwa na alama za mafuta ya mashini. Bukari nikaipima kwa kibakuli cha chuma, kimoja, hakuna nyongeza. Sombe kwa kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima, nyanya na vitunguu vikafanya kazi iliyobaki. Samaki wabichi wakipatikana, maharagwe wasipopatikana. Maji anywe, chakula cha mchana asikiache, na jioni tutembee pamoja mpaka relini na kurudi. Jirani yangu aliona kibakuli akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu kwamba sasa namwadhibu bwana kwa njaa. Nilimjibu vile ninavyojua kujibu, na sitaandika hapa.

Jioni ya kuamkia uchunguzi alikuwa na mia na moja na nusu. Polepole ndivyo ilivyo, haikuangalii una siku ngapi. Aliketi kwenye kiti cha mlangoni, akatoa mfukoni pakiti moja ya chumvi nyeupe ambayo muganga hakuiona. Akaiweka gotini. Alikuwa amekwisha hesabu, na mimi pia. Pakiti moja, usiku mmoja chooni, asubuhi mizani inasema mia. Lori linabaki, nyumba inabaki.

Niliinyakua nikataka kuimwaga. Alisema bila kuinuka, “Ukimwanga ile, njo umemwanga na nyumba.”

Watoto walikuwa ndani, nawasikia wanagombania godoro, godoro lililo katika chumba cha kampuni. Nilitaka anywe. Lazima niseme ukweli huo, nilitaka anywe. Nilimrudishia pakiti mkononi.

“Mi simwangi,” nikamwambia. “Kunywa kama unataka. Lakini batakurudishia machine, na siku ingine utazimia kwa muteremuko na mawe nyuma. Na kule chini kuko batu. Batoto ya nani batalia, ya kwetu tu?”

Alikaa pale mpaka giza likaingia vizuri, kisha akaingia akalala, na sikusikia mlango wa choo.

Asubuhi alikwenda peke yake. Alirudi saa sita, akavua kofia, akaniambia wamemtoa kwenye lori miezi mitatu. Si kwa ajili ya ile kilo na nusu. Daktari alipima tension akaikuta imeshuka sana, akafurahi, akasema kilo iliyobaki itafuata, akashika kalamu kusaini. Halafu akauliza swali ambalo anawauliza madereva wote, kama amewahi kuzimia. Bwana yangu akasema ndiyo. Akaeleza chumvi, koti la plastiki, njaa ya mchana. Daktari akaweka kalamu chini. Miezi mitatu katika stoo ya magurudumu, halafu wataona.

“Na chakula hakukuuliza?” nikasema.

Akasema aliulizwa. Alimjibu daktari kwamba alikuwa anakula ovyo huko nje, mke wake alikuwa anampikia vizuri, yeye ndiye hakusikia.

Ninajua watu wanaosema mwanamke wa mdomo haaibiki. Siku ile niliaibika. Na daktari alikuwa ameyaandika yale katika faili: mgonjwa hafuati mashauri, anakula ovyo. Kampuni ikitaka kupunguza watu inafungua faili. Kesho yake nilivaa kitenge changu cha kanisani, nikaenda hospitali, naye akanifuata akinisihi niache. Nilimwacha nje ya ukuta. Niliingia kwa daktari bila kuitwa nikamwambia afute, aandike ni mimi, nikamtajia tena mafuta, makayabo, mikate, na wivu wangu pia.

Hakucheka. Aliandika mistari miwili, nikamwona akiandika. Kisha akaniambia nikae na nikunje mkono wa blauzi. Nikadhani ni adabu tu ya hospitali. Alifunga kitambaa, kikawa kifupi kwa mkono wangu, akatafuta kingine. Akapima. Akapima tena. Akahamia mkono wa kushoto.

“Mama,” akasema, “kichwa inakuumaka tangu siku gani?”

Nikamwambia tangu nilipoanza kumfuatafuata bwana yangu. Akatikisa kichwa, akasema tension hii ni ya zamani zaidi, tena inaipita ile ya bwana yako ya mwezi wa nane. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikasema sita. Alivuta faili jipya, tupu, kutoka chini ya meza, akaanza kuandika.

Nilitoka na karatasi yangu ya mashauri, imekunjwa mara nne ndani ya kiganja. Bwana yangu alikuwa amesimama pale pale ukutani, kofia mkononi. Nilikuwa nimemtukana siku mbili nzima kwa sababu ya kunificha maneno ya daktari. Aliniuliza amesema nini.

“Hakuna kitu,” nikasema.

Tulitembea. Jua lilikuwa kali na mawingu ya mvua yanapanda upande wa Kisenge. Alisema stoo ya magurudumu si kazi mbaya, mtu anakaa kivulini. Nilikuwa namsikia kwa mbali. Karatasi ilikuwa inalowana jasho mkononi mwangu, nami nilikuwa natafuta mahali pa kuificha ambapo hatapekua. Tulipofika relini nikasimama, nikamfungulia kiganja.

Alisoma yote, taratibu, mpaka chini, akairudia. Kisha akaniambia tupumzike kidogo, tusikimbie, tukaketi juu ya mataruma ya reli mpaka nilipoweza kusimama tena.